Umeletewa barua kwamba spreda yako imeiga hataza ya mtu: hatua za kufuata

Msimu wa kutawanya samadi ukikaribia, swali hili hurudi: fundi afanye nini akiandikiwa kwamba ameiga hataza ya mtu? Fundi wa Nyakato au Igoma, hapa Mwanza, ametengeneza mashine ya kumwaga samadi, hii ambayo karakana nyingi huiita spreda. Mteja wa Misungwi au Magu ameshalipa nusu ya pesa. Kisha inafika barua ya wakili: umeiga uvumbuzi wetu wenye hataza, acha kutengeneza ndani ya siku 14, lipa fidia. Wapo wanaoitupa barua na kuendelea. Wengine hushikwa na hofu, wanakata mashine kwa grenda na kumrudishia mteja pesa. Wa kwanza anajitafutia amri ya mahakama. Wa pili mara nyingi anaacha kazi halali kabisa, na hilo linauma, kwa sababu sehemu kubwa ya barua za namna hii huwa na kasoro ambayo mtu mwenye simu na futi anaweza kuigundua kwa siku moja.

Hataza ni haki ya kumzuia mtu mwingine asitengeneze, asitumie, asiuze wala asiingize nchini uvumbuzi fulani, kwa muda maalumu, ndani ya nchi ambako haki hiyo inatambulika. Mipaka yake haiko kwenye picha wala kwenye jina la mashine. Iko kwenye sentensi zenye namba mwishoni mwa hati, zinazoitwa madai. Kazi yote hapa chini ni kuzifikia sentensi hizo na kuzipima dhidi ya chuma chako.

Andaa hivi kwanza

- Barua yenyewe pamoja na bahasha. Andika nyuma ya nakala tarehe uliyoipokea na nani aliileta.
- Mashine, au nyingine iliyotoka kwenye michoro ileile, ikiwa nzima.
- Futi, kalipa, kipimapembe, na simu yenye kamera nzuri.
- Daftari la oda, risiti za vyuma, michoro hata ile ya chaki uliyoipiga picha, na picha zote za zamani zenye tarehe.
- Bando la intaneti la kutosha kufungua hati za kurasa 20 au 30, na mahali pa kuchapisha kurasa chache.
- Pesa ya kikao kimoja na wakili. Usimlipe kabla ya kufika hatua ya 7. Ukienda mikono mitupu utalipia saa zake za kutafuta vitu ambavyo ungevipata mwenyewe.

Hatua

1. Usijibu siku hiyo. Usipige simu, usitume ujumbe wa WhatsApp, usiombe radhi. Ujumbe wa "samahani bosi, hatutarudia" unaweza kusomwa mahakamani kama kukiri. Usifute picha na usibomoe mashine, kwa sababu mashine hiyohiyo inaweza kuwa ushahidi wako wa kwanza. Hesabu siku ulizopewa na uandike tarehe ya mwisho ukutani.

2. Tambua ni haki gani inayodaiwa. Barua nyingi huchanganya. Hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Umbo la nje likisajiliwa ni haki nyingine. Nembo, jina na alama zilizobandikwa kwenye hopa (boksi la kubebea samadi) ni alama ya biashara, na bidhaa bandia zenye alama ya mtu hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kitabu cha maelekezo na michoro ni hakimiliki. Kama ulinakili mashine pamoja na stika zake, una tatizo la alama hata kama hataza haipo. Ziondoe leo, baada ya kuzipiga picha.

Barua isiyotaja namba ya hataza bado haijakupa cha kupima. Jibu lake ni fupi, linaletwa kwenye hatua ya 8.

3. Soma namba. Hapa ndipo barua nyingi huanguka, kwa hiyo tulia.

Herufi mbili za mwanzo zinataja nchi au shirika. US ni Marekani, CN ni China, EP ni Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Hataza ya nchi hizo haimzuii mtu kutengeneza na kuuza Mwanza. Itakugusa tu ukipeleka mashine huko.

WO si hataza. Ni maombi ya kimataifa yaliyochapishwa, na yanaweza kukataliwa au kuachwa njiani. Mtu akikuonyesha WO akaiita hataza, ama hajui ama anatumaini hujui. Lakini usiipuuze moja kwa moja: maombi hayo yanaweza kuwa yameingia kwetu kwa mlango wa ARIPO, shirika la kikanda la hataza, au wa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, kwa hiyo fuatilia yaliishia wapi.

AP ni ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare. Hii ichukulie kwa uzito, kwa sababu Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Harare, mkataba unaoiruhusu ARIPO kutoa hataza kwa nchi wanachama. OA ni shirika la nchi zinazotumia zaidi Kifaransa, Tanzania haimo.

Herufi za mwisho nazo zina maana. A au A1 kwa ofisi nyingi ni maombi yaliyochapishwa, ingawa si zote (hati ya AP yenye A inaweza kuwa hataza iliyotolewa), B au B1 au B2 ni hataza iliyotolewa. Kwa hati za China, U ni cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho hudumu miaka 10 na hakivuki mpaka wa China. Wauzaji wa mashine zilizoletwa kwa kontena hupenda kukionyesha cheti hiki kwa sababu kina muhuri mwekundu na kinatisha.

Kumbuka pia kwamba BRELA inahusika na Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake.

4. Hakikisha iko hai, na iko hai hapa. Fungua Espacenet, PATENTSCOPE au Google Patents, tovuti za kutafutia hati za hataza, zote ni bure, uandike namba. Kwenye ukurasa wa kwanza wa hati kuna namba ndogo kwenye mabano: (22) ni tarehe ya maombi, (30) ni tarehe ya kipaumbele, yaani ya maombi ya kwanza kabisa ya uvumbuzi huo, (45) ni ya kutolewa, (73) ni mmiliki. Linganisha mmiliki na aliyekuandikia. Kama majina hayafanani, anatakiwa kuonyesha kwamba amehamishiwa haki au amepewa leseni inayomruhusu kushtaki.

Hataza ya ARIPO inaweza kufika miaka 20 tangu tarehe ya maombi, ila kwa masharti mawili ambayo watu huyasahau. Kwanza, Tanzania iwe imetajwa kati ya nchi zilizoteuliwa, kwa herufi TZ. Pili, ada ya kila mwaka iwe imelipwa kwa ajili ya TZ. Mwenye hataza anaweza kuilipia Kenya na kuiacha Tanzania ife. Kwa hiyo usiridhike na cheti cha zamani. Omba kwa maandishi taarifa ya hali ya hataza kutoka kwa BRELA au ARIPO, na uombe ionyeshe tarehe ya ada ya mwisho iliyolipwa.

Kama unauza ng'ambo ya ziwa, rudia hatua hii kwa kila nchi. Spreda inayopelekwa Kisumu inaangukia kwenye sheria za Kenya, ofisi yao ni KIPI. Inayopelekwa Uganda inaangukia URSB. Na kuitengenezea Mwanza kwa ajili ya kuiuza nje bado ni kutengeneza Mwanza.

5. Chapisha madai, uyavunje vipande. Usisome muhtasari, ule wenye namba (57). Hauweki mipaka ya haki. Usibishane na michoro pia. Nenda mwisho wa hati, tafuta dai la 1, na kila dai jingine linalosimama peke yake bila kusema "kama ilivyo katika dai la 1". Mara nyingi lipo la mashine na lipo la njia ya kumwaga.

Huu ni mfano wa dai, tumeutunga kwa ajili ya mazoezi:

*Mashine ya kumwaga samadi yenye hopa ambayo sakafu yake husukuma mzigo kwenda nyuma kwa cheni na papi za kukatiza; rola mbili za wima zenye meno, nyuma ya hopa; geti kati ya hopa na rola, linalopandishwa kwa pistoni ya haidroliki; na sahani mbili chini ya rola, zinazozunguka kwa pande zinazopingana, ambazo umbali wake kutoka kwenye hopa hurekebishwa bila kufungua bolti.*

Likate kwa kalamu kila penye nukta mkato, kisha rudi ndani ya kila kipande ukatafute masharti madogo. Kipande cha mwisho pekee kina masharti manne: sahani ni mbili, ziko chini ya rola, zinazunguka kupingana, na umbali unarekebishwa bila kufungua bolti. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya mwenye hataza aipate. Inaelekea yaliongezwa kwa sababu yaliyobaki yalikuwa yanajulikana. Maneno ya namna hiyo ndiyo ya kuyatafuta katika hataza uliyoletewa.

6. Pima mashine yako dhidi ya kila kipande. Chora mistari kugawa karatasi safu tatu: maneno ya dai, kilichopo kwenye mashine yako, picha namba ngapi. Usiandike "sawa" wala "tofauti". Andika kinachoonekana. Kwa mfano:

Sakafu: cheni mbili, papi za engo ya milimita 40, ipo. Rola: mbili, za wima, meno 12 kila moja, zipo. Geti: lipo, linapandishwa kwa wenzo wa mkono wenye meno matano ya kushikilia, hakuna pistoni, hakuna bomba la mafuta. Sahani: mbili, kipenyo sentimita 50, zinazunguka kupingana, kila moja imekaa kwenye bamba lililofungwa kwa bolti nne za M12, matundu ni marefu ya milimita 60, kusogeza kunahitaji spana namba 19.

Kanuni ni kwamba mashine inaingilia hataza pale inapokuwa na kila kipande cha dai. Kikikosekana kimoja, dai hilo halijaguswa kwa maneno yake, na madai yanayolitegemea nayo hayajaguswa. Katika mfano huu vinakosekana viwili: pistoni ya geti, na kurekebisha bila kufungua bolti. Hata hivyo, wakili wa upande wa pili anaweza kusema wenzo hufanya kazi ileile ya pistoni kwa njia ileile. Ndiyo maana unapiga picha ya wenzo kwa karibu na unaeleza unavyofanya kazi: mtu anashuka kwenye trekta, anauinua kwa mkono, anauacha kwenye jino la pili au la tatu, geti halibadiliki tena mpaka ashuke. Pistoni inarekebisha huku mashine ikitembea. Tofauti hiyo ya kazi ina uzito kuliko tofauti ya chuma.

Makosa yanayojirudia hapa:

Kuamini kwamba ukibadilisha asilimia 10, au 30, umesalimika. Hakuna asilimia ya namna hiyo.

Kuamini kwamba kuongeza kitu kunaokoa. Dai likisema mashine "yenye" vipande vinne, na yako ina hivyo vinne pamoja na magurudumu ya ziada na boksi la spana, bado imo ndani.

Kusema "yangu inavutwa na ng'ombe, yake na trekta". Hilo lina maana pale tu dai linapotaja trekta au shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya trekta kwenda kwenye mashine.

Kupima mashine moja wakati umeuza tatu tofauti. Kila toleo lina karatasi yake.

7. Tafuta kilichotangulia, kisha nenda kwa wakili. Hataza inatakiwa iwe juu ya kitu kipya. Ukipata hati au katalogi iliyochapishwa popote duniani kabla ya tarehe ya kipaumbele, ikiwa na vipande vyote vya dai, unaweza kuiomba Mahakama Kuu iitangaze hataza hiyo kuwa batili. Tafuta kwa msimbo wa kimataifa wa aina za uvumbuzi badala ya maneno, kwa sababu kila nchi huita mashine hizi kwa jina lake: A01C 3/06 ni mashine za kumwaga samadi, A01C 15 ni za kumwaga mbolea, A01C 17 ni zile za sahani zinazozunguka, A01C 23 ni za samadi ya maji. Weka msimbo, weka kikomo cha tarehe, pitia michoro.

Utashangaa jinsi mambo yalivyo ya zamani. Mwalimu wa shule Joseph Oppenheim, wa Maria Stein katika jimbo la Ohio, alitengeneza mwaka 1899 mashine ya kumwaga samadi yenye makasia yanayozunguka ili mzigo utawanyike mpana kuliko gari lenyewe. Wazo la makasia nyuma ya boksi ni la kila mtu leo. Mwenye hataza mpya anaweza kumiliki nyongeza aliyoibuni, hawezi kuyarudisha makasia mikononi mwake.

Ushahidi wa hapa nyumbani nao una thamani. Kama ulikuwa unatengeneza mashine hiyo kwa nia njema kabla ya tarehe ya maombi yake, risiti, picha na mteja wa wakati huo ni kinga ya kuwekwa mbele ya wakili mapema.

Mhakiki wakili kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Mpelekee faili: barua, taarifa ya hali, madai uliyoyakata, karatasi za safu tatu, picha zenye namba, na hati tatu bora ulizozipata. Tatu zinatosha. Hati 40 zitamchosha na hazitasomwa.

8. Jibu kwa maandishi, kabla ya tarehe ya ukutani. Kama barua haikuwa na namba, omba mambo manne tu: namba ya hataza, nchi na hali yake, dai linalodaiwa kuingiliwa, na mashine yako ipi. Kama ina namba, wakili ataandika kwa kifupi vipande vinavyokosekana. Usimwage faili lote kwenye jibu la kwanza. Usiandike wala kuposti kwamba mwenzako ni tapeli, hujamshinda bado.

9. Chagua njia. Zipo nne. Kukana, kama kipande kinakosekana wazi. Kupinga uhalali wa hataza mahakamani, kama umepata kilichotangulia. Ni njia ndefu na ya gharama. Kubadili mashine. Kuchukua leseni na kulipa mrabaha kwa kila mashine. Kwa karakana inayouza mashine chache kwa mwaka, kubadili kwa kawaida ndiko kunakolipa, na fundi aliyeelewa dai anabadili kwa chuma cha siku mbili.

Mkipatana, apatane nawe kwa hati: mashine zipi, mpaka tarehe ipi, kwamba hatakushtaki wewe wala wateja wako, na nani analipa gharama za mawakili. Suala la gharama lisiachwe hewani. Katika shauri la Highway Equipment dhidi ya FECO, lililotoka Iowa nchini Marekani na kubishaniwa juu ya hataza namba 6,517,281 ya spina (sahani inayozunguka) ya spreda inayorekebishika, mdai alitoa ahadi ya maandishi ya kutoshtaki kesi ikiwa imekaribia kusikilizwa. Shauri likafutwa. Mdaiwa aliomba alipwe gharama za mawakili, akakataliwa, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo.

10. Ukibadili, pima umwagaji upya. Watu husahau. Mahali samadi au mbolea inapoangukia kwenye sahani ndipo panapoamua inarushwa wapi. Ukiisogeza sahani au mlango, mashine inaweza kuanza kurundika upande mmoja. Panga mabeseni ya mraba yenye upana wa sentimita 50 kila upande, kila baada ya mita 1, kukatiza njia ya mashine. Pitisha mara moja, pima kila beseni. Gramu za beseni zidishe kwa 40, unapata kilo kwa hekta. Ukitaka tani 10 kwa hekta, yaani kama tani 4 kwa ekari, unatafuta gramu 250 kwa beseni, baada ya kujumlisha na kinachoangukia hapo mashine inaporudi kwenye mstari wa jirani. Andika tarehe, piga picha, tunza. Karatasi hiyo inaonyesha pia siku mashine yako ilipoacha kuwa ile ya mwanzo.

Mambo yakikwama

*Mteja amepelekewa barua yeye.* Inawezekana, kwa kuwa kutumia kibiashara nako kunaweza kuzuiwa. Mwambie asijibu, chukua nakala, iingie kwenye faili moja na yako.

*Umepata namba lakini hati haifunguki.* Ondoa nafasi na nukta, ondoa herufi za mwisho, jaribu tena. Namba za AP hukosekana mara nyingine kwenye mitandao ya kimataifa. Andikia ARIPO moja kwa moja.

*Madai yako kwa Kichina au Kijerumani.* Espacenet ina kitufe cha tafsiri. Inatosha kuchuja, haitoshi kwa mahakama.

*Umeletewa ankara ya "kusajili hataza yako" kutoka kampuni usiyoijua.* Usilipe. Ada halali hulipwa kwa BRELA au ARIPO kwa namba ya malipo uliyoiomba mwenyewe.

*Askari au maofisa wamekuja kuchukua mashine.* Omba kuona amri na jina la haki inayodaiwa. Usizuie. Orodhesha kila kilichochukuliwa, mtie saini wote, mpigie wakili.

*Aliyekuandikia ndiye mteja wako wa zamani, na wazo lilikuwa lako.* Hapa tarehe ndizo zinazoongea. Toa picha za kwanza, risiti za chuma za wiki hiyo, na ujumbe wake wa "fundi, nitengenezee kama ulivyonionyesha". Mpelekee wakili siku hiyohiyo, kwa sababu kudai haki ya mvumbuzi ni shauri tofauti na kujitetea.

*Mashine yako ina kitu kipya na unataka kuilinda wewe.* Wasilisha maombi BRELA au ARIPO kwanza, ndipo uipeleke Nane Nane pale Nyamhongolo. Ukiionyesha wazi na watu wakaipiga picha, unaweza kuwa umeuua upya wake kwa mikono yako. Ukishawasilisha una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine kwa tarehe ileile. Kama lazima mtu aione kabla, kwa mfano anayekukopesha mtaji au mkata bati, asaini kwanza karatasi ya kutunza siri, na mpe aone kipande anachohitaji tu. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iko Nyakato. Anzia huko kuuliza msaada wa kuandaa michoro.